Mayowe Nayo ni Maghani? Muziki wa Metali Ukisikilizwa kwa Sikio la Ngara

Kuna hoja moja ambayo kila inapotolewa hapa chuoni humaliza mjadala kabla haujaanza. Hoja yenyewe ni kwamba muziki wa hevi metali ni makelele. Mwimbaji haimbi, anabweka. Gitaa linakwaruza kama msumeno uliokutana na msumari. Maneno hayasikiki, na kwa kuwa hayasikiki, ati, mhakiki wa fasihi hana kazi hapo. Afunge daftari lake akasome riwaya.

Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Hayaipingi kwa kudai kwamba muziki huo ni mtamu, maana utamu ni suala la mtu na sikio lake. Yanaipinga kwa kufuata historia ya bendi moja ya Afrika Mashariki: ilipataje sauti yake, na ilipataje watu wa kuisikiliza. Bendi hiyo inaitwa Duma. Si ya Ngara wala Biharamulo. Ni ya Nairobi, na albamu yake ilirekodiwa Kampala. Lakini sikio ninaloisikilizia ni la magharibi ya Ziwa, kule ambako mkoa wa Kagera unapakana na Rwanda na Burundi, na nitaeleza kwa nini sikio la kule lina haki ya kutoa ushahidi katika kesi hii. Wenzetu wa pwani wana taarabu yao, na wa Dar es Salaam wana dansi na singeli. Sisi tumezoea kuonekana kama watu wa kusubiri kanda zifike na malori yanayokata kona pale Lusahunga kuelekea Rusumo.

Tuanzie mbali kidogo, kiwandani. Birmingham ni mji wa viwanda nchini Uingereza, na huko katika miaka ya 1960 kijana Tony Iommi alikuwa akifanya kazi ya kukata mabati. Alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Mtu mwingine angeliuza gitaa. Yeye alisikilizishwa sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye baada ya kuungua alibaki akitegemea vidole viwili, akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba zaidi. Baadaye akazilegeza kabisa. Uzi ukilegea sauti hushuka, inakuwa nzito na yenye giza. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka Februari 1970, na kufikia albamu ya Master of Reality ya 1971 ule uzito ulikuwa umeshakuwa mtindo.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa makusudi. Wahakiki wetu wakisikia neno metali wanafikiri juu ya shetani, nywele ndefu na watoto wa matajiri. Mimi naona ajali ya kazini. Sauti iliyokuja kuenea duniani kote ilianza kwa mfanyakazi aliyekosa ncha za vidole, akaujenga upungufu wake uwe ndiyo fani yenyewe. Hata waliokuja kuufikisha muziki huu mwisho wa kasi na ukali, Napalm Death, walitoka pembezoni mwa mji uleule. Albamu yao ya Scum ilitoka 1987 na ina wimbo usiofika sekunde mbili. Ukikohoa umeukosa.

Sasa, Afrika haikungoja miaka ya karibuni ili ijue gitaa linalokwaruza. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na wimbi zima la roki, na bendi ya WITCH ilikuwa mbele; jina hilo ni kifupisho cha maneno ya kutangaza kwamba wanakusudia kuleta vurugu. Dar es Salaam nako kulikuwa na Sunburst, vijana walioichanganya roki na midundo ya nyumbani, na albamu yao Ave Africa ikatoka huko huko Zambia mwaka 1976. Jiulize kwa nini bendi ya Tanzania iende kutolea albamu Zambia. Nchini kwetu santuri zilikuwa shida, vyombo vilikuwa vya wenyewe, na upepo wa kisiasa haukuwa upande wa gitaa la namna hiyo. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la kulinda utamaduni. Hoja ya kulinda utamaduni haikuwa ya kipuuzi hata kidogo, tusijidai werevu leo. Ilitupatia dansi lenye Kiswahili safi na mashairi ambayo hadi sasa tunayachambua darasani. Ila ilikuwa na gharama, na gharama mojawapo ni kwamba Sunburst wakasahaulika nyumbani mpaka lebo ya Uingereza ilipowafufua 2016. Wengi wetu tumewajua kwa mlango huo wa nyuma.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi kama mtu wa wilayani. Botswana ina metali yake yenye jina, bendi kama Wrust, Skinflint na Overthrust, na mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe. Overthrust ni bendi ya Ghanzi. Ghanzi ni nchi ya ng'ombe, mamia ya kilomita kutoka Gaborone, na huko ndiko walikoamua kufanyia tamasha lao badala ya kuhamia mji mkuu. Mchunga ng'ombe alikuwa tayari na mavazi ya ngozi. Metali ilimkuta nayo. Hebu mtu wa Biharamulo afikirie hilo. Huwa tunaambiwa kwamba muziki wa umeme ni mali ya mji mkubwa, kwamba penye vumbi, mifugo na maduka ya rejareja panafaa kwa ngoma za asili tu, tena siku ya mgeni rasmi. Ghanzi inasema vingine.

Turudi Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 na katika miaka ya 2010 kulikuwa na kundi la bendi za roki nzito zilizojuana na kushirikiana jukwaa: Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Absence of Light, Seeds of Datura, Lust of a Dying Breed. Kampala nako kulikuwa na Vale of Amonition. Hawa hawakuwa na njia nyeupe. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na taarifa yake ilitolewa hadharani 1999. Katika hali hiyo kijana mwenye fulana nyeusi na gitaa mgongoni hana haja ya kufanya kosa, fulana inamshtaki.

Lakini tusiwaonee huruma kupita kiasi. Nyingi ya bendi hizo, kwa maoni yangu, zilikuwa na tatizo la kisanaa ambalo haliwezi kutupiwa serikali wala kanisa. Ziliimba Kiingereza kwa lafudhi ya Marekani. Muundo wa nyimbo ulikuwa uleule wa huko: ubeti wa kufoka, kibwagizo cha kuimba, kisha gitaa linalegea kidogo ili watu warukeruke. Ukifunga macho usingejua uko Nairobi au Ohio. Walipiga vizuri, hilo sikatai; baadhi walipiga vizuri sana. Ila kupiga vizuri sauti ya mtu mwingine ni hatua ya mwanafunzi, na mashabiki wao wakabaki ukumbi mmoja na watu walewale kila mwezi.

Ndani ya kundi hilo walikuwamo Martin Khanja, mwimbaji wa Lust of a Dying Breed ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mpiga gitaa aliyepitia Seeds of Datura. Wawili hawa wakajitenga wakaunda Duma. Msomaji wa Kiswahili ataona mnyama mwenye madoa anayekimbia kuliko wote, na kwa kasi ya muziki wao asingekosea sana. Ila jina linatokana na neno la Kikikuyu la giza. Tayari hapo kuna hatua: kwa mara ya kwanza jina la bendi linagusa lugha ya mama.

Bendi ya metali kwa kawaida inataka mpiga dramu hodari, mtu mwenye miguu ya mashine. Inataka pia chumba cha mazoezi, spika, gari la kubebea vyombo na jirani mvumilivu. Duma walikuwa wawili. Walichofanya ni kumwacha mpiga dramu na kuiachia kompyuta kazi. Na kompyuta, bwana, haina sababu ya kujifanya binadamu. Ikiambiwa ipige mara mia katika muda wa pumzi moja, itapiga. Matokeo yake ni midundo ambayo haifanani na dramu za Marekani. Mara inasikika kama mvua ya mawe juu ya bati, mara kama ngoma kumi zilizokosana. Juu yake gitaa la Karugu linapita kama upepo mchafu, na katikati Khanja anapiga mayowe ambayo nayo yamepitishwa mitamboni mpaka hujui wapi koo linaishia na wapi umeme unaanzia. Iommi alikosa ncha za vidole. Hawa walikosa mpiga dramu. Ni njia ileile ya kupata sauti.

Albamu yao, iitwayo kwa jina la bendi, ilirekodiwa Kampala mwaka 2019 katika studio za Nyege Nyege na kutoka Agosti 2020. (Jina hilo limewatia aibu Waswahili wengi. Kwa Kiganda linahusu hamu ya ghafla ya kutaka kucheza. Kwetu, kila mtu anajua. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku tamasha la jina hilo huko Jinja, kisha serikali ikalegeza.) Lebo ya Nyege Nyege Tapes ilikuwa imeshatoa singeli ya studio ya Sisso ya Dar es Salaam mwaka 2017. Hili si jambo dogo. Msikilizaji aliyekwisha kuzoea singeli, kasi yake ya kutisha na sauti zake zilizochujwa katika kompyuta ya bei nafuu, hakuhitaji kuelezwa Duma ni nini. Alisikia ndugu. Kwa maneno mengine, Duma walipata wasikilizaji walipotoka kwenye ukoo wa roki ya Marekani wakaingia kwenye ukoo wa kelele za Afrika Mashariki.

Hapa pana tatizo ambalo sipendi kulificha. Wasikilizaji hao walikuwa wapi? Albamu ilitoka wakati wa janga la korona, kumbi zimefungwa, na sifa zake zilianzia kwenye magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani. Baadaye bendi ikapanda majukwaa ya Ulaya. Mtu anaweza kusema, na nimewasikia wakisema, kwamba huu ni mchezo uleule wa zamani: Mzungu ananunua kelele za Mwafrika kwa sababu zinamthibitishia kwamba huko kuna giza. Jina la bendi linamrahisishia kazi! Shutuma hiyo ina uzito. Lakini ukiifuata mpaka mwisho utalazimika kuitupa pia sehemu kubwa ya fasihi yetu iliyochapishwa London, na sidhani kama tuko tayari. Jibu zuri zaidi alilitoa Khanja mwenyewe kwa kazi. Baada ya Duma kufikia mwisho alitoa albamu ya peke yake, The Adept, mwaka 2024, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Aliiweka wakfu kwa mama wa bibi yake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa cha kijeshi katika msitu wa Mau Mau na ambaye nywele zake za msituni hazikukatwa mpaka 2022. Alifariki 2023. Basi yale mayowe yana ukoo na yana msitu. Anayesikia shetani tu ana haki ya kusikia hivyo, ila asidai kwamba amesikia yote.

Sasa niite shahidi wangu wa magharibi ya Ziwa.

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi nchini hukutana na mgawanyo wa tanzu alioutoa M. M. Mulokozi mwaka 1989. Wengi wetu tumeukariri kwa ajili ya mtihani, tukausahau siku ya pili yake. Ndani ya ushairi kuna nyimbo na kuna maghani; ndani ya maghani kuna sifo; na ndani ya sifo kuna kivugo, yaani majigambo ya mtu kujisifu mwenyewe kwa ushujaa. Mulokozi ni mtu wa Kagera na hakukitoa kivugo hewani. Wahaya wana ebyebugo, Ankole wana ebyevugo, Rwanda wana ibyivugo. Ni utanzu wa nchi nzima ya Maziwa Makuu, na Kihangaza cha Ngara, kilicho jirani kabisa na Kirundi na Kinyarwanda, kimekaa katikati ya nchi hiyo. Shujaa husimama mbele ya mtawala au mbele ya wenzake, mkuki mkononi, akayamwaga maneno.

Anayamwagaje? Hapa ndipo wapinzani wangu wakae vizuri. Anayamwaga kwa kasi. H. F. Morris, aliyechapisha majigambo ya Bahima wa Ankole mwaka 1964, alieleza usemaji wa mbio mno, pumzi moja ikibeba fungu zima, na wasikilizaji wakiitikia mwishoni mwa fungu. Msikilizaji asiyeyajua hayo majigambo hupitwa na maneno mengi. Lakini hakuna aliyesema kwamba kivugo si ushairi kwa sababu maneno yanapita kama mshale. Kasi ilikuwa sehemu ya maana. Ilimwonyesha mtu ambaye ujasiri umemzidi pumzi. Jamaa aliyetulia akajisifu polepole, kila neno likisikika kama tangazo la mnada, angechekwa.

Basi nikimsikiliza Khanja simsikilizi kama mwimbaji aliyeshindwa kuimba. Namsikiliza kama mtu anayejivuga. Pumzi, kasi, mwili uliokaza, jina la kujipachika lenye vitisho (hata mashujaa walikuwa na majina ya kujipachika), na watu waliomzunguka wakiitikia kwa kelele zao. Sisemi kwamba amejifunza kwa wazee wa kwetu; hilo lingekuwa uzushi. Ninachosema ni kwamba sikio lililolelewa na kivugo halina sababu ya kumshangaa. Darasani tuna kisanduku tayari cha kumweka. Tumekataa kukitumia kwa sababu tunadhani visanduku vile ni vya mambo yaliyokufa.

Na kuhusu maneno kutoeleweka, tusisahau kilichotokea nchini mwaka 2001. Saida Karoli wa Bukoba alitoka na ngoma zake na wimbo wa Maria Salome, na nchi nzima ikamcheza, kuanzia harusi za Tanga hadi baa za Mbeya. Sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa Kihaya. Ni Watanzania wangapi wanajua Kihaya? Watu waliimba sauti tu, silabi wasizozielewa, kwa furaha kubwa, na hakuna profesa aliyesimama akasema muziki huo hauna maudhui. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa sura mpya, ukashika tena. Hivyo tunajua kusikiliza bila kuelewa kila neno. Tumefanya hivyo tukilipa kiingilio. Tofauti ya Saida na Duma ni kwamba Saida ni mtamu. Kumbe basi hoja ya maneno ilikuwa kisingizio. Kinachowakera watu ni ukali.

Nizungumzie huo ukali, kwa sababu kwa mtu wa Ngara hapa pana jambo lenye uzito kuliko mijadala ya tanzu.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote ambao wilaya ile imewahi kuwa nao. Nyuma ya watu wale, upande wa pili wa mto, kulikuwa na mauaji ya kimbari, na ndani ya mauaji kulikuwa na redio. RTLM ilikuwa ikitangaza tangu 1993. Haikupiga metali. Ilipiga muziki wa kupendeza, wa kuchangamka, wenye maneno yanayosikika vizuri sana. Kati ya nyimbo ilizozipiga zilikuwamo za Simon Bikindi, mtunzi hodari, mwenye kikundi cha ngoma za asili kiitwacho Irindiro. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Bikindi mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi. Hukumu yenyewe ilisimama juu ya maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, si juu ya nyimbo. Ila kuhusu baadhi ya nyimbo zake mahakama iliona kwamba zilitungwa kwa nia ya kueneza chuki. Inafaa wanafunzi wa fasihi wausome uamuzi ule kwa makini, maana majaji walilazimika kufanya kazi yetu: kuchambua mafumbo, kuuliza nani anasikia nini katika fumbo, na mtunzi anawajibika wapi.

Basi nikiambiwa kwamba muziki wenye sauti tamu na maneno bayana ndio unaojenga jamii, na kwamba muziki wa mayowe unabomoa, nauliza: jamii ipi? Mpakani kwetu utamu na ubayana wa maneno vimeshatumika kuua. Sisemi kwamba metali ina usafi wowote wa kuzaliwa nao. Ulaya ya kaskazini katika miaka ya 1990 kulikuwa na vijana wa metali waliochoma makanisa na hata kuua. Ninachokataa ni kipimo. Ukali wa sauti haupimi ukali wa nia.

Baada ya hapo Ngara ilipata redio yake. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini kwa lugha za ng'ambo ya mto. Ilianza kwa ajili ya kambi: habari za usalama, za kutafuta ndugu, za afya, na muziki. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, wale wa Burundi walikaa Lukole hadi miaka ya 2000, na redio ikaendelea kutangaza kwa ajili ya wenyeji wa wilaya za magharibi. Ninaitaja kwa sababu swali la bendi kupata watu wake ni swali la nani ana chombo cha kurushia sauti. Birmingham ilikuwa na kumbi za wafanyakazi. Ghanzi wamejifanyia tamasha. Duma walipata lebo ya Kampala na mtandao. Wilaya zetu zilipata chombo chenye nguvu kwa sababu ya janga, na chombo hicho kilikuwa na kazi ya kuponya, si ya kujaribu sauti mpya. Huwezi kukilaumu. Mtu aliyetoka kulala juu ya maturubai ya Benaco, ukimpigia gitaa la msumeno asubuhi, atakuuliza umefiwa na akili.

Lakini miaka imepita. Kijana wa Ngara mjini au wa Biharamulo ana simu, na mwenzake mmoja ana kompyuta yenye programu ya midundo. Wakati Duma wanarekodi, mahitaji yao ya msingi hayakuzidi hayo kwa mbali sana. Atakachokosa si mtambo. Atakosa mtu wa kumwambia kwamba mayowe yake yana utanzu, yana historia ya kiwandani, ya msituni na ya uani kwa mtawala, na kwamba akitaka kujua pumzi moja hubeba maneno mangapi, walimu wake hawako Nairobi wala Birmingham. Wapo wazee waliobaki Bugufi na Rusubi wanaoweza kumwonyesha hilo, na hawataki malipo makubwa. Tatizo ni kwamba mwanafunzi wa fasihi anapokwenda kuwarekodi huwaomba waseme polepole ili aandike vizuri. Wanasema polepole, kwa heshima ya mgeni, naye anarudi chuoni na daftari lililojaa maneno yote. Kivugo chenyewe kimebaki kule.